Makato

Miaka ishirini na sita nilikaa nyuma ya dirisha la mishahara,
kiwanda cha blanketi, Nakuru,
nikihesabu pesa za wenzangu kwa kidole gumba chenye sugu.
Kila mwisho wa mwezi walinijia na karatasi zao:
Omariba wa mashine za kuchana sufi,
Chepng'eno wa jikoni, Barasa wa lango la nyuma,
wote na swali moja: "Karani, hizi zimekwenda wapi?"
Nilikuwa kijana. Nikabandika ubeti kwenye kioo:

    Usinune kwa makato, si mwizi aliyekata,
    ukivuka huu mto, daraja utalipata,
    akiugua mtoto, dawa kwa kadi wachota,
    acha mdomo mzito, kesho isiwe ya vita.

Walicheka. Barasa aliukariri hadi kwa walevi.
Sikuwadanganya. Ila
sikuwa nimefungua ukurasa wa pili wa kijitabu cha bima.

Kerubo alianguka Jumanne akichambua sukuma,
nusu ya uso ikashuka kama pazia lililokatika kamba.
Kadi ilifanya kazi, nitasema haki:
siku kumi na tisa za kitanda, picha ya kichwa,
daktari aliyeketi kwanza ndipo akaniambia.
Siku ya ishirini wakamruhusu.
Kuruhusu! Kana kwamba ni yeye aliyeomba.

Bima ilitusindikiza mpaka kizingitini,
ikasimama hapo kama askari wa kanjo anayeogopa mbwa.
Ndani tukabaki na kazi:
kumgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu ule,
uji kwa kijiko cha dawa,
kufua shuka saa tisa usiku, maji yanapokuja,
kumfundisha neno "chai" miezi mitatu
likatoka "shai",
nikamimina bila kusahihisha.

Nikaenda kwenye dirisha, safari hii upande wa nje.
Msichana mpole akanisukumia fomu yenye visanduku:
Kulazwa. Upasuaji. Meno. Miwani. Uzazi. Mazishi.
"Na kumtunza?"
"Kumtunza kivipi, mzee?"
Sikuwa na neno. Nikamwonyesha kwa mikono, hewani,
namna ya kumnyanyua mtu wa kilo sabini na mbili
bila kumchubua na bila kujivunja mgongo.
Foleni ikanyamaza.
Akaisoma fomu juu mpaka chini, akaigeuza, akaisoma tena.
"Hicho kisanduku hakipo," akasema,
kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma.

Chini kabisa, kwa mwandiko wangu wa ujana:
*Mtegemezi: Kerubo Nyamweya, mke.*
Nililitazama neno hilo hadi msichana akakohoa.
Mwaka ule kiwanda kilipofunga milango miezi kumi na minne,
nani aliamka saa kumi kwenda kupanga ndizi soko la Wakulima?
Nani alilipa kodi, karo, na viatu vyangu
vya kuzurura nikitafuta kazi?
Hakuna aliyekuja kurekebisha fomu.
Hata mimi, karani.

Jana Omariba alibisha hodi. Amekonda, kofia mkononi.
Akamwona Kerubo. Akaniona na beseni.
Nikajiandaa kwa lile swali lake,
na nilikuwa na jibu, refu, lenye ghadhabu na tarakimu.
Akaliweka kofia juu ya redio.
"Anageuzwa saa ngapi?"
"Sasa hivi."
"Basi shika mabega, mimi nashika miguu."

Tukamgeuza wawili. Hakugumia.
"Shai," akasema Kerubo,
na Omariba akanitazama, hajaelewa,
nami nilikuwa tayari nimeinuka kutafuta kiberiti.